Piza bila gluteni, lakini kisu ni kile kile

Wiki mbili zilizopita niliweka video fupi nikiuliza kama kuna mtu ashawahi kula piza isiyo na gluteni kwenye ile migahawa mikubwa yenye matawi kila mji. Majibu yalikuja mia na kitu, na karibu nusu yalikuwa ya aina moja: "Gluteni ni nini na kwani imewakosea nini?" Mwingine akaandika, "Hiyo ni shida ya watu wa Karen." Mwingine, na huyu nilimpa moyo mwekundu, akasema kwao wanaweza kutoa nyanya tu juu zimepanda bei. Basi hii posti ni yenu nyote, hata huyo wa nyanya.

Nianze na hilo swali. Gluteni ni protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inafanya kinyunya cha chapati kivutike bila kukatika. Ukiona jamaa wa piza anarusha kinyunya juu, kinazunguka, anakidaka na hakijapasuka, nusu ya ujuzi ni wake na nusu ni wa gluteni. Watu wengi wanaila maisha yao yote na haiwafanyi kitu. Lakini kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Mwenye seliaki akila gluteni, kinga yake ya mwili inageuka na kuanza kushambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula. Vinalala. Unakula kila siku, sahani imejaa, na mwili bado una njaa. Dawa ya kumeza hakuna. Unaacha gluteni maisha yako yote, na kuacha hapa ni kuacha kabisa, hadi makombo.

Sistangu mdogo anayo. Ana miaka 17.

Tumelelewa Tabaka, huku Kisii, mahali ambapo mawe yanachongwa viboko na vinara vya mishumaa kabla hujamaliza chai. Kabla ijulikane anaumwa nini, alitibiwa taifodi mara nne. Amiba sijui mara ngapi. Vidonda vya tumbo pia alipewa. Kuna jirani alisema mtoto ameangaliwa vibaya, akaleta na mtu wa kumwombea. Kila akipimwa damu iko chini, anapewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda kidogo, inashuka tena. Alipofika kidato cha pili sare yake ya darasa la nane ilikuwa bado inamtosha, na mama alikuwa anaisifu eti ni kitambaa kizuri. Siku moja daktari mgeni kwenye zamu akamuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: asubuhi unakula nini? Chai na mkate. Saa nne? Mandazi. Jumapili? Chapati. Akachukua damu, halafu akatutuma mbali zaidi kwa kile kipimo cha kuteremsha kamera tumboni na kukata kinyama kidogo cha utumbo. Majibu yakarudi.

Silaumu sana waliomkosa hapo mwanzo. Vitabu vya zamani vilizoea kusema huu ni ugonjwa wa Wazungu, na ukifundishwa kwamba kitu hakiko, huwezi kukitafuta. Lakini mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wa Kisahrawi, wale watu wa Sahara Magharibi, na wakakuta kati ya kila watoto 100, zaidi ya 5 wanayo. Ulaya yenyewe haikuwa na idadi kama hiyo. Waafrika, jangwani, wamezoeshwa unga wa ngano badala ya vyakula vyao vya kale. Hiyo ya watu wa Karen ifuteni.

Na vile ilijulikana kwamba shida ni ngano ni hadithi ambayo ningependa mtu aifanyie filamu. Uholanzi kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Dicke, ambaye tayari alikuwa anashuku mkate. Kisha majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vita vikali, mkate ukaisha nchini, watu wakala hadi vitunguu vya maua. Watoto wake wa wodini, wale waliokuwa wanakonda bila sababu, wakaanza kupata nafuu wakati nchi nzima inakufa njaa. Mkate ulipoletwa tena, wakarudi kuumwa. Hebu fikiria uko hapo na unaona hiyo kitu.

Sasa tukiwa nyumbani, ukweli ni kwamba chakula cha sistangu kiko tele. Obokima ya wimbi, haina gluteni. Mtama, muhogo, mahindi, mchele, hazina. Ndizi za Kisii, viazi vitamu, maharagwe, chinsaga, rinagu, maparachichi yanayoanguka yenyewe hadi mbuzi wanayachoka. Wimbi lenyewe ni la huku, lilianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Ngano ilipata nguvu Kenya na walowezi, wakina Delamere na mashamba yao ya Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900. Magokoro wetu (ndiyo nyanya, kwa wasiojua Ekegusii, na tafadhali msianze tena ile mada ya kwa nini sisi tunamwita mama "baba") alisomewa ile karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, yote, kutoka juu hadi chini. Mkate, keki, mandazi, chapati, tambi, biskuti. Akacheka. "Hivyo ni vyakula vya dukani," alisema. "Mtoto ameambiwa tu arudi nyumbani."

Ni line tamu na nilikuwa karibu niifanye ndiyo posti yote. Ingepata likes. Shida ni kwamba magokoro hana miaka 17.

Marafiki wa sistangu shule zikifungwa wanapanda matatu ya barabara ya Migori hadi Kisii mjini, wanachanga mia tatu tatu, wanangojea siku ya ofa na kununua piza mbili kubwa. Meza moja, watu saba, simu juu, kelele. Hiyo ndiyo sherehe yao, hawana nyingine. Yeye alikuwa anaenda na mahindi ya kuchoma kwenye karatasi na kukaa pale pale nao. Mara ya tatu weita akamwambia chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Akaenda kusimama nje na mahindi yake. Tangu siku hiyo wakimwita anasema ana kazi ya shule. Likizo. Kazi ya shule.

Kwa hivyo nilipoanza kutafuta piza bila gluteni kwenye migahawa ya matawi, sikuwa natafuta content. Content ilikuja baadaye, lazima nilipe bando.

Nilianzia Kisii mjini. Sitataja jina la mgahawa wowote niliokwenda, na msiniulize inbox, juu hii si posti ya kumharibia mtu kazi. Nilimuuliza kijana wa kaunta kama wana piza isiyo na gluteni. "Iko, madam. Ya mboga." Nikamwelezea polepole. Akaita mwenzake. Mwenzake akasikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa, kisha akasema, "Hakuna shida, tunaweza kuitoa juu." Kuitoa juu! Kama uyoga! Nilicheka hadi nikakosa adabu, lakini baadaye nilikaa nikafikiria: huyu kijana hajawahi kufundishwa. Amefundishwa bei, ofa, na kusema "karibu tena". Ni nani angemfundisha?

Kisumu hakuna cha kusimulia sana. Walisema wanayo, ila imeisha, italetwa wiki ijayo. Nimepiga simu wiki tatu mfululizo na bado ni wiki ijayo.

Halafu Nairobi. Nilikuwa na kazi huko, nikamchukua sistangu, tukaenda kwenye mall moja, mgahawa wa matawi, viti virefu, muziki. Na menyu inasema, kwa herufi zake zote, "gluten free". Alama ndogo ya suke la ngano lililokatwa mstari. Piza ndogo, kisha unaongeza 350 juu ya bei ya kawaida. Sistangu aliishika hiyo menyu kwa mikono miwili. Alikuwa ameshachagua, kuku na mananasi (najua, najua, tulishamwambia), na alikuwa ameshafungua kamera.

Nikamuuliza weita piza inatengenezwaje. "Inatengenezewa kando, madam." Kando wapi? Akatabasamu. Nikaomba kuongea na mtu wa jikoni kama hana kazi nyingi.

Akatoka jamaa wa makamo hivi, kofia kichwani, mikono myeupe unga hadi kwenye viwiko. Hilo lilikuwa jibu tayari, lakini niliuliza tu. Huo mkate wa chini wa piza unatoka wapi? Unakuja umegandishwa, umefungwa kwa plastiki. Poa. Mnaufungulia wapi? Hapo mezani. Ile meza ya kusukumia zile zingine? Ndiyo. Mchuzi wa nyanya mnachota na upawa gani? Ule ule. Jibini? Tunachukua na mkono. Na lile gurudumu la kukatia?

Akanyamaza kidogo. Akamwangalia sistangu, hakuniangalia mimi.

"Ni yako wewe?"

"Ndiyo."

"Unaumwa kabisa ama unapunguza mwili?"

"Naumwa kabisa."

"Basi usiile, mdogo wangu. Mimi hapa singempa sistangu."

Weita alikuwa anaangalia viatu vyake. Tulikunywa soda mbili, tukalipa, nikamwachia yule wa jikoni kitu kidogo kwa bahasha ya risiti. Kwenye ngazi sistangu alikuwa kimya, nikafikiri analia. Kumbe anafuta picha ya menyu. Akasema tu, "Angalau huyo amenijibu."

Hapo ndipo najua wengine mtasema: jamani, si ni unga kidogo tu? Wacha tuhesabu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Piza ndogo ya gramu 300, hizo ni miligramu 6. Unga wa ngano, chukua makadirio tu, sehemu moja kwa kumi ni gluteni. Kwa hivyo piza nzima inaruhusiwa kama miligramu 60 za unga. Bana unga kwa vidole viwili sasa hivi jikoni kwenu. Hapo umeshapita. Sasa fikiria mikono ya hadi viwiko, na gurudumu lililokata piza arobaini za ngano tangu mchana. Na msiniambie moto unaua. Moto unaua vijidudu. Gluteni si kijidudu, inatoka kwenye oveni vile iliingia. Halafu hizi oveni za migahawa mikubwa nyingi ni zile za mkanda, piza inaingia upande huu na kutokea ule, na ndani hewa ya moto inapulizwa kwa nguvu. Na penye upepo na unga mnajua nini hufanyika.

Mtu wa Tabaka haelezwi mara mbili mambo ya vumbi. Kwetu baba mdogo anachonga jiwe uani, kwa panga kwanza halafu patasi na kisu kidogo, na mama mdogo anapiga msasa ndani ya beseni la maji. Msasa wa maji hauna shida. Lakini akikata jiwe likiwa kavu, vumbi jeupe linapanda, linakaa kwenye nyusi, kwenye majani ya migomba, kwenye nguo zilizoanikwa kwa jirani ambaye hajawahi kushika patasi maishani mwake. Unaweza kuandika jina lako kwenye kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana magokoro ana sheria, na ni ya zamani kuliko mimi: aliyetoka kuchonga haingii jikoni kabla hajanawa hadi mabegani na kubadilisha shati. Upawa wa jikoni haupelekwi uani hata kwa dakika moja. Chakula kinafunikwa hata kama hakuna nzi. Hakuna mtu aliyemfundisha habari za miligramu. Alichoka tu kutafuna mawe kwenye mboga.

Nikamwambia magokoro vile jamaa wa Nairobi alinijibu, meza moja, upawa mmoja, kisu kimoja. Akashangaa. "Na ni watu wakubwa hao?"

Na huwezi kusema haiwezekani, juu wenzao wameifanya. Uingereza, PizzaExpress ilipoanza kuuza piza bila gluteni mwaka 2013, ilibadilisha hadi unga wa kunyunyizia mezani, ikatumia usio na gluteni kwenye matawi yake, ili ule unaoruka ruka jikoni usimdhuru mtu. Hiyo ni akili ya magokoro ikiwa na pesa. Italia, ambako piza ni kama chapati kwetu, mwenye seliaki anapewa msaada na serikali kila mwezi wa kununulia vyakula vyake, na chama cha wagonjwa kina orodha ya mikahawa iliyofundishwa na kukaguliwa. Mtoto wa Napoli mwenye ugonjwa wa sistangu anakaa mezani na wenzake na kuagiza.

Halafu kuna mfano mwingine ambao mimi naupenda hata zaidi. Domino's ya Marekani ilianza kuuza piza yenye unga usio na gluteni mwaka 2012, na siku ile ile ikasema waziwazi: jiko letu lina unga wa ngano kila mahali, mwenye seliaki hatumshauri aile. Watu waliwacheka. Sasa mnauzia nani? Mimi sikucheka. Waliuza kwa anayetaka na wakamwambia ukweli anayeumwa. Hiyo sentensi moja chini ya menyu ingemwokolea sistangu safari ya kuchagua kuku na mananasi kisha kurudisha menyu mezani. Haina gharama. Ni wino tu.

Mahali ambapo naona migahawa yetu inakosea ni hapo. Wameleta ile alama ya suke lililokatwa mstari kwa sababu kuna wateja wanaiona ni ya kisasa, wameleta na bei yake ya 350, lakini hawakuleta sehemu inayofanya hiyo alama iwe kweli. Na sasa nitawagusa baadhi yenu kidogo. Kuna nyinyi ambao mnakula bila gluteni juu mliona mtu kwenye TikTok akisema ngozi itang'aa. Mimi sina ugomvi na nyinyi, kula unavyotaka, na kusema kweli bila nyinyi hiyo piza isingefika kwenye menyu kabisa, wenye seliaki peke yao ni wachache sana kumfanya mfanyabiashara aamke. Lakini ukiagiza piza bila gluteni halafu weita anakuona unamalizia na mkate wa kitunguu saumu na kipande cha keki, amejifunza kitu hapo. Amejifunza kwamba hawa watu hawamaanishi. Siku sistangu akija akasema "naumwa," atapewa lile tabasamu la "kando, madam." Kwa hivyo wewe wa ngozi kung'aa, niombe kitu kimoja: mwambie weita wako ni chaguo tu. Utumie hilo neno.

Na kabla mtu hajaniambia, ndiyo, tumejaribu nyumbani. Mara tatu. Shida ya wimbi ni ile ile nilisema mwanzo, halina gundi. Ukikanda unga wa wimbi peke yake unavunjika kama udongo wa kiangazi. Ujanja tulioupata ni kusonga sehemu yake kwanza: robo ya unga unaingia kwenye maji yanayochemka, unasonga kama obokima laini, ukipoa unachanganya na uliobaki, kikombe cha unga wa muhogo, mayai mawili, hamira, chumvi, mafuta. Husukumi kwa kile kifimbo cha chapati. Kimekula ngano miaka kumi, kiko na ngano hadi kwenye mishipa ya mti. Unalowesha viganja na kutandaza kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Unaipika kwanza ikiwa tupu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, halafu ndiyo uweke nyanya na jibini. Na unga hakikisha unatoka kwa kisiagi ambacho hakisagi ngano, juu siku hizi watu wanapeleka mchanganyiko wa unga wa uji wenye kila kitu ndani, ngano pia. Sisi tunasagisha wa kwanza asubuhi, kabla foleni ianze, na kilo ya kwanza inayotoka tunawapa kuku.

Mara ya tatu ilitoka vizuri. Rangi ya kahawia, ukingo mkavu, chinsaga iliyochemshwa na maziwa juu ya jibini. Baba mdogo alikula vipande vitatu na kusema hii ni obokima imevaa nguo ya Jumapili. Halafu akaanza kufikiria biashara, kama kawaida yake, juu nilimwambia kule Minas Gerais, Brazili, watu wanachonga vikaango vya piza kutoka kwa jiwe la sabuni kama letu, linashika moto muda mrefu. Alienda kuangalia mawe yake usiku huo na tochi. Nilimwambia si kila jiwe linavumilia moto, ajaribu kwanza akiwa mbali na watoto. Hiyo ni posti ya siku nyingine.

Sistangu alikula yote aliyopewa. Nikamuuliza, ukweli, ukipewa namba kati ya kumi? Akasema nane. Kisha akasema, "Ni tamu. Lakini hii naweza kula kila siku. Mimi nilitaka ile ya kukaa na wengine." Sikuwa na la kumjibu, nikaenda kuosha sufuria. Sufuria yake, ina kitambaa chekundu kwenye mkono ili mtu asiikaangie chapati.

Kwa hivyo, kwa mameneja wa migahawa ya matawi, najua kuna wachache mnanifuata juu mlinitumia vocha mwaka jana. Faida yenu kubwa kuliko kibanda chochote ni kwamba mkiandika sheria moja ofisini, inafika matawi yote. Hakuna anayewaambia mbadilishe unga wote. Gurudumu moja la kukatia lenye mpini wa rangi tofauti. Trei moja ya kupikia. Kopo dogo la jibini na la nyanya ambalo halijafunguliwa. Glavu mpya. Piza ya namna hiyo itengenezwe asubuhi kabla unga haujaanza kuruka, au isitengenezwe. Na kama hamwezi, na naelewa kama hamwezi, andikeni ile sentensi ya Domino's chini ya menyu. Na hadi hapo, mtoto akija na mahindi yake kwenye karatasi, na ana barua ya daktari, mwacheni akae. Wenzake sita wamenunua.

Kwa wale mlio na seliaki au mna mtu nyumbani, hii ndiyo meseji ambayo sistangu ameweka kwenye simu anampa weita asome, tumeiandika mara nyingi hadi ikawa fupi. Nakili:

"Habari. Nina ugonjwa, si mtindo wa kula. Nikila ngano, hata makombo au unga uliobaki kwenye kisu, naumwa siku nyingi. Tafadhali muulize mpishi maswali matatu: Kuna meza isiyo na unga? Kuna kisu na trei ya kando? Mchuzi na jibini havijaguswa na mikono ya unga? Kama jibu la lolote ni hapana, niambie tu, sitakasirika. Nitachukua soda. Asante sana."

Ameitumia mahali pawili tangu turudi. Mahali pa kwanza alichukua soda. Mahali pa pili, hoteli ndogo tu ya Kisii isiyo na tawi lolote, mama wa jikoni alitoka na miwani kwenye paji la uso, akasoma meseji yote mara mbili, akamwambia piza hana ila anaweza kumpikia viazi na mayai kwenye sufuria mpya, na marafiki zake walete piza yao wakae hapo hapo, bora wanunue chai. Walikaa saa tatu.

Kama unajua tawi lolote, mji wowote, ambalo limeulizwa hayo maswali matatu na likajibu ndiyo kwa yote, weka hapa chini. Jina la mji na vile walikujibu. Ya kuambiwa "iko ya mboga" hizo tayari tuko nazo.